Mjomba, pesa ya bati ininunulie barua iliyovuka Atlantiki?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Ngamiani. Kwa sasa niko St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland, pembe ya mashariki kabisa ya Kanada, nafanya kazi bandarini. Mke wangu na watoto wamebaki nyumbani. Wamepanga Chumbageni huku tukijenga Pongwe, na nyumba imefika kwenye linta. Kilichobaki ni kupaua.

Jambo langu wenzangu huku hawalielewi, ndiyo maana nalileta kwako. Nilipofika mji huu, mzee mmoja mwenyeji tunayefanya naye kazi alinionyesha jiwe la kumbukumbu la Lester's Field. Akanieleza kwamba tarehe 14 Juni 1919 John Alcock na Arthur Whitten Brown walipaa kutoka hapo na ndege ya mbao na kitambaa, aina ya Vickers Vimy, na asubuhi ya pili wakatua kwenye kinamasi karibu na Clifden, Ireland. Kabla yao hakuna aliyewahi kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kutua njiani. Mimi niliyekua nikitazama meli zikitia nanga mbali na gati zikisubiri tishari, habari ya watu wawili kuikata bahari ile usiku mmoja ilinishika, na mpaka leo haijaniachia.

Basi nikaanza kukusanya. Nina kitabu alichoandika Brown mwenyewe juu ya safari hiyo, vitabu vichache vya marubani wengine wa miaka ile, postikadi na magazeti. Vyote nimevipata kwa bei ndogo, madukani kwa wauza vitu vilivyotumika na kwa wazee wanaohama nyumba.

Sasa kwenye maonyesho ya stempu nimekutana na bwana mmoja anayesema anahamia upande wa magharibi na anataka kupunguza mizigo. Ana vitu vitatu, anaviuza kwa pamoja, hataki kuvitenganisha. Cha kwanza ni kitabu cha 1927 cha Charles Lindbergh, rubani wa Kimarekani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka huo, kinaitwa "We". Kina saini ya Lindbergh kwa wino kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Anasema ni toleo maalumu, ingawa nilipofungua sikuona namba yoyote. Cha pili ni bahasha yenye stempu nyekundu ya Newfoundland yenye picha ya sili, mnyama wa baharini, juu yake imepigwa maneno ya posta ya ndege ya 1919 na thamani ya dola moja. Anasema ilikuwa ndani ya Vimy. Muhuri wa posta ni wa St. John's na mwaka ni 1919. Mwezi umefifia, ila mimi naona kama Oktoba. Cha tatu ni kipande cha kitambaa ndani ya fremu, cheupe na laini kama shuka, pamoja na kadi iliyopigwa taipu kwamba kilichanwa kwenye ndege ya Lindbergh, Spirit of St. Louis, usiku alipotua Paris.

Bei yake inakaribia kumaliza fungu lote la bati na mbao. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimwomba anipe bahasha nikaionyeshe kwa mtaalamu akakataa, akasema akianza kuzungusha vitu vyake mtu mwingine ataviwahi.

Mjomba, naomba unijibu kwa uwazi. Vitu hivi ni vya kweli? Nikivinunua nitakuwa nimeweka akiba, au nimetupa? Mke wangu nimwambie vipi, maana hadi sasa hajui? Na siku nikirudi Tanga, karatasi hizi zitastahimili joto letu?

Ni mimi mpwa wako,
Mbondei wa Newfoundland

JIBU

Marahaba mpwa wangu. Usinunue. Natanguliza neno hilo ili usikae roho juu ukisoma, kisha nikueleze sababu zake, kwa sababu zitakufaa kwa vitu vingine vingi utakavyoletewa. Macho unayo mazuri. Namba ambayo hukuiona, mwezi ulioonekana kama Oktoba, kitambaa laini kama shuka: hizo ndizo alama zenyewe, na umezitaja mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Nianze na kitambaa, nacho sitakipa maneno mengi. Ni kweli Lindbergh alipotua kiwanja cha Le Bourget, Paris, usiku wa tarehe 21 Mei 1927, baada ya saa 33 na nusu angani, umati ulivunja kamba za ulinzi ukaizunguka ndege, na watu walimega vipande vya ngozi yake. Ukweli huo ndio unaolisha biashara ya uongo mpaka leo. Lakini ndege ile ilivikwa kitambaa cha pamba kilichopakwa dawa ya kukikaza, ikawa na rangi ya fedha. Nenda kaitazame Washington, kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian, ni ya fedha hadi leo. Dawa ile hukifanya kitambaa kuwa kikavu na kigumu kama ngozi ya ngoma. Kipande cheupe kinachonyumbuka kama shuka kinahitaji maelezo mazito, na kadi ya taipu isiyo na jina la aliyekichana, wala la aliyemrithi, haielezi chochote. Hata kingekuwa cha fedha ningekuambia hivyohivyo. Maabara inaweza kusema hii ni pamba ya zamani. Haiwezi kusema ilikuwa kwenye ndege ipi. Kinachosema hilo ni barua, picha, wosia, orodha ya mnada: mlolongo wa watu waliokishika, mmoja baada ya mwingine, kutoka usiku ule hadi leo. Pasipo mlolongo huo unanunua fremu.

Kitabu sasa. "We" kilitolewa na kampuni ya G. P. Putnam's Sons ya New York mwezi Julai 1927, wiki chache tu baada ya safari. Kwanza mwandishi wa gazeti alimwandikia Lindbergh kitabu kizima kwa niaba yake. Kijana akakisoma, akakikataa, akajifungia akaandika upya kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nampenda zaidi kwa hilo kuliko kwa mambo mengi aliyoyafanya baadaye. Kitabu kilinunuliwa kwa malaki, na ndiyo sababu nakala ya kawaida isiyo na jalada lake la karatasi la nje ni kitu cha bei nafuu hata sasa. Lakini lilikuwepo pia toleo maalumu la nakala 1,000. Kila nakala ina namba, na ina ukurasa wake unaotaja idadi hiyo, uliosainiwa na Lindbergh pamoja na mchapishaji, George Palmer Putnam. Saini mbili, namba moja, ukurasa mmoja. Cha bwana huyo kina saini moja kwenye karatasi tupu na namba hakuna. Basi si toleo maalumu, na anayekuuzia ama hajui anachokiuza ama anajua vizuri sana.

Inawezekana saini yenyewe ikawa ya kweli? Inawezekana. Lindbergh aliishi hadi 1974 na alisaini vitabu vya watu. Lakini miaka ilivyokwenda alichoka na waombaji saini akawakwepa, na ughali uliotokana na hilo umewafunza waghushi kazi. Chukua lenzi ya kukuzia. Saini iliyochapwa na mashine ina vitone au kingo butu, haina pale kalamu ilipokanyaga kwa nguvu na pale ilipopunguza. Saini ya kughushi mara nyingi huenda polepole: mstari unatetemeka, kalamu imeinuliwa mahali ambapo mwenye jina angepita bila kusimama. Mtaalamu wa saini ataiweka kando ya nyingine zinazojulikana ni zake, na kwa kitu cha bei kama hii hiyo ndiyo njia. Kabla ya hapo mpe bei ya nakala ya kawaida au umwachie.

Hapo hapo nikupe jambo dogo litakalokufaa wewe wa St. John's. Alcock alikufa Desemba 1919 kwa ajali ya ndege huko Ufaransa, miezi sita tu baada ya kuvuka. Kwa hiyo chochote chenye saini yake pamoja na ya Brown kwa kumbukumbu ya safari ile lazima kiwe kimesainiwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Kitabu cha Brown kilitoka 1920. Ukiletewa nakala yake yenye saini ya Alcock, funga mkoba uende zako.

Bahasha ndiyo inayonipa hamu ya kuzungumza, maana hapo ndipo Newfoundland yako ilipotoa kitu ambacho dunia nzima ya wakusanyaji inakiheshimu. Kumbuka wakati ule Newfoundland haikuwa sehemu ya Kanada. Ilijiunga nayo 1949. Mwaka 1919 ilikuwa na serikali yake, posta yake na stempu zake, na ndiyo nchi ya Amerika iliyo karibu zaidi na Ireland. Gazeti la Daily Mail la London lilikuwa limeahidi pauni 10,000 tangu 1913 kwa atakayevuka kwa ndege ndani ya saa 72, vita vikasimamisha shindano, na vilipokwisha marubani wakakusanyika mjini kwako na ndege zao ndani ya makasha, wakihangaika kutafuta kiwanja kisicho na mawe. Posta ikaona nafasi yake. Wa kwanza kukabidhiwa mfuko wa barua walikuwa Harry Hawker na Kenneth Mackenzie-Grieve. Stempu 200 tu za senti tatu, zenye picha ya mnyama karibuu, zilipigwa chapa ya safari ile.

Waliondoka tarehe 18 Mei 1919. Injini ikachemka katikati ya bahari, wakaitafuta njia ya meli, wakaiona meli ndogo ya Denmark iitwayo Mary, wakajitosa majini mbele yake. Meli ile haikuwa na redio. Kwa siku kadhaa Uingereza nzima iliwahesabu wamekufa, hata mfalme alimtumia mke wa Hawker salamu za rambirambi, kumbe mumewe yu hai anaelekea Scotland na mabaharia wa Kideni. Na ndege yenyewe haikuzama. Meli ya Kimarekani iliikuta ikielea, ikaokoa na mfuko wa barua. Hivyo bahasha za Hawker zilizopo leo zina madoa ya maji ya bahari, na kwa mkusanyaji madoa yale ndiyo heshima yake. Anayekuletea bahasha ya Hawker nyeupe pe, mwulize ilikaukia wapi.

Kwa Alcock na Brown posta haikutaka tena uchache ule. Ilichukua stempu za zamani za senti 15, nyekundu, zenye sili, za toleo la 1897, ikazipiga chapa ya dola moja, kiasi cha 10,000. Sasa fanya hesabu na mimi. Vimy ilibeba barua zisizofika 200. Stempu 10,000, barua chini ya 200. Hizo nyingine zilikwenda wapi? Zilikaa kwenye vitabu vya wakusanyaji, na nyingine zilibandikwa kwenye barua ambazo hazikupanda ndege yoyote. Stempu yake yaweza kuwa halali kabisa, chapa yake halali, muhuri wa St. John's halali, na bado bahasha ikawa haijavuka na Vimy. Ndege iliondoka tarehe 14 Juni. Barua iliyopigwa muhuri Oktoba ilikuwa inakwenda wapi na ndege iliyokwishatua kinamasini miezi minne kabla? Ukiniuliza nini kilichonifanya niseme usinunue kabla hata ya kufika kwenye bati la watu, ni Oktoba hiyo.

Labda macho yako yamekosea na mwezi ni Juni. Basi na tujue kwa njia ya haki. Kanada ipo taasisi ya Vincent Graves Greene huko Toronto, na London ipo kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society. Zote mbili hupokea stempu na bahasha, huzichunguza, kisha hutoa hati yenye picha inayosema ni ya kweli, imetengenezwa, au hawawezi kuamua. Kwa vitu vya 1919 vya Newfoundland hiyo ndiyo desturi, na muuzaji mwaminifu anaijua, maana hati ikisema ndiyo, bei yake yeye inapanda. Mnaandikiana kwamba unanunua iwapo hati itakubali, pesa inakaa kwa mtu wa tatu mnayemwamini nyote, bahasha inatumwa kwa bima. Mtu anayekataa hilo na wakati huohuo anakuwekea mwisho wa mwezi anakuuzia haraka. Na kuunganisha vitu vitatu visivyouzika kimoja kimoja ni mbinu ya zamani ya madalali: ukikitilia shaka kimoja, unajifariji kwa viwili. Madukani kwa wauzaji walio ndani ya shirikisho la kimataifa la wauza vitabu vya kale, ILAB, utalipa zaidi, lakini wanafungwa na kanuni ya kukurudishia fedha kitu kikionekana sicho.

Umeuliza kama hii ni akiba. Sitaki kukuvunja moyo, lakini sitakudanganya pia. Kitu adimu kina bei siku ambayo watu wawili wanakitaka kwa wakati mmoja. Siku mtoto anaumwa na unataka kukiuza wiki hiyo, utakutana na mnunuzi mmoja aliyekunja mikono. Nyumba ya mnada itachukua chake, msafirishaji chake, bima chake. Wapo waliofaidika, na wengi wao ni watu waliosoma jambo hili kwa miongo na kununua kwa fedha ambayo hawakuihitaji. Pesa yako wewe inahitajika, na ina mwenyewe.

Nimefika kwa mkeo. Umeniuliza umwambie vipi, na nimeona kwenye barua kwamba hukuuliza umwambie lini. Mwambie leo, kabla hujanunua, kabla hata hujamjibu yule bwana. Huyo mama analipa kodi Chumbageni mwezi baada ya mwezi, anasimamia mafundi Pongwe, anahesabu mifuko ya saruji ili isipotee, na anaamini fungu la bati lipo pale mlipoliweka. Fungu lile mmeliweka wawili, hata kama mshahara umetoka mkononi mwako. Kulitoa bila yeye kujua ni kumchukulia chake. Linta ikipigwa mvua za masika misimu miwili, nondo zinaanza kushika kutu na utalipia mara ya pili.

Lakini usimpelekee habari ya kunyimwa tu, ukamfanya yeye ndiye aliyekukataza furaha yako. Mpigie kwa utulivu, umweleze kile unachokipenda na kwa nini. Msimulie Hawker na yule mke aliyeletewa rambirambi za mume aliye hai. Mwanamke ambaye mumewe yuko ng'ambo ya bahari ataielewa hadithi hiyo kuliko mwenzako yeyote wa bandarini. Kisha mkubaliane kiasi kidogo cha kila mwezi ambacho ni cha vitabu vyako, anakijua, na hakigusi bati. Bati likishapanda mnaweza kukiongeza.

Na kwa kiasi hicho kidogo, mpwa wangu, mengi yanapatikana, tena yaliyo bora kuliko fremu ya kitambaa. Kitabu cha Brown ulichonacho tayari ni hazina, nami naomba ukisome tena polepole. Utakuta anaeleza jinsi ilivyombidi ainuke kitini, kwenye upepo na theluji, afute kioo cha kipimo cha mafuta kilichokuwa nje. Hadithi iliyoenea miaka ya baadaye inasema alitambaa juu ya bawa, mara kadhaa. Yeye mwenyewe, mwaka mmoja baada ya safari, hakuandika bawa. Kwa ajili ya hilo ndiyo tunakusanya vitabu vya mwanzo: vilichapwa kabla simulizi haijanenepa.

Kando yake tafuta kile Hawker na Mackenzie-Grieve walichokitoa 1919 hiyohiyo. Tafuta pia shajara ya safari ya R34, ile meli ya angani ya Uingereza iliyotoka East Fortune, Scotland, tarehe 2 Julai 1919 na kufika Mineola, New York, baada ya saa 108, kisha ikarudi kwao, ikawa ya kwanza kwenda na kurudi. Iliandikwa na Edward Maitland aliyekuwa ndani yake, siku kwa siku, chakula kilichopikwa, mawingu yaliyopita, na mtu aliyejificha humo kwa sababu aliondolewa kwenye orodha dakika za mwisho akakataa kubaki. Hakuna kitabu cha miaka ile ninachokipenda zaidi.

Amelia Earhart alipaa kutoka Harbour Grace tarehe 20 Mei 1932, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege, akatua Culmore, Ireland ya kaskazini. Harbour Grace huhitaji tiketi ya ndege kuiona, nenda siku ya mapumziko. Vitabu vyake viwili vinakufundisha somo la ukamilifu. Cha 1928, juu ya safari yake ya kwanza akiwa abiria, kilikuwa na toleo la nakala 150 zenye saini, kila moja na bendera ndogo ya hariri aliyoibeba katika safari ile. Cha 1932 kilitoka na sahani ndogo ya santuri mfukoni mwa jalada la nyuma, yenye sauti yake akizungumza redioni kutoka London. Kuna watu wanaochomoa bendera wakaitia fremu na kuuza kitabu peke yake. Wanachana kitu kilichofika salama kutoka mwaka 1928, na mimi siwezi kuwasamehe. Ukikuta nakala ya 1932 mfuko uko mtupu, ni kitabu kizuri cha kusoma, lakini usilipe bei ya santuri ambayo haipo.

Stempu ya Marekani ya senti 10 iliyotolewa Juni 1927 kumheshimu Lindbergh, hata mwezi haujatimia tangu avuke, ilichapwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Magazeti ya St. John's ya Mei na Juni 1919 yana thamani kubwa kwa habari zake. Yakikushinda kununua, nenda ukayasome kwenye hifadhi ya The Rooms au maktaba ya Chuo Kikuu cha Memorial, hawakudai kitu. Lindbergh naye alipita juu ya mji wako kabla ya kuikabili bahari, waulize wazee waliohifadhi barua na picha za babu zao. Watu hutupa masanduku kama hayo kila wanapohama.

Na kipo kitabu kimoja ningependa kukiona kwenye rafu ya mtu wa kwetu. Beryl Markham alikulia Njoro, Kenya, akarusha ndege za kukodi nchini humo. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni, peke yake, akaelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni usiku kucha. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa na herufi VP-KCC ubavuni, usajili wa Kenya, kwa maana mwenyewe aliyemwazima, John Carberry, alikuwa mkazi wa huko. Aliiona pwani ya Newfoundland yako, kisha mafuta yakakatika kwa barafu, akaangukia kinamasini Baleine, Nova Scotia, akatoka na jeraha la kichwani. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake upande huo kabla yake. Kitabu chake kilitolewa Boston na Houghton Mifflin mwaka 1942, kikasahaulika, kikachapwa tena 1983 naye akiwa bado hai Nairobi. Toleo la 1942 lina bei yake, si la fungu la mwezi mmoja. La 1983 utalipata kirahisi, anza nalo.

Kuhusu joto la Tanga, una haki ya kuhofu. Karatasi haiogopi joto peke yake kama inavyoogopa unyevu unaopanda na kushuka, na pwani yetu unyevu haukosi. Ukungu utaota kwenye uti wa kitabu, gundi ya stempu itashikana na chochote kilicho karibu, na mchwa hawaulizi toleo. Kabati lisiguse ukuta wala sakafu, hewa ipite nyuma yake, jua lisipige. Bahasha na postikadi ziwekwe kwenye mifuko na masanduku yasiyo na asidi, uyanunue huko uliko. Usibandike selotepu hata kwenye mchaniko mdogo, usitie karatasi kwenye plastiki ya moto, usibandue stempu kutoka kwenye bahasha yake, na jalada la karatasi la nje usilitupe hata likiwa limechakaa, kwa vitabu vya miaka ile mara nyingi lina thamani kuliko kitabu chenyewe. Kagua kila mwezi. Pia kabla ya kusafirisha chochote cha bei kubwa kilichopita miaka 50, uliza kwanza ofisi husika, maana sheria ya Kanada ya mali za urithi inataka kibali kwa baadhi ya vitu.

Kwa sasa viache huko huko, mahali pa baridi na pakavu, mpaka Pongwe pawe na chumba chenye dirisha linalofungika. Yule bwana mjibu kwa adabu kwamba ukiletewa hati ya bahasha utazungumza, na kwamba kitambaa hukihitaji. Na utakaponiandikia tena, ninakilie maneno yote yaliyo mbele na nyuma ya ukurasa wa jina wa kile kitabu cha Brown, pamoja na mwaka na mji wa uchapishaji, nikuambie unacho kipi.

Mjomba wako